Mama Vifurushi na Daftari la Zahanati

Ripoti ilikuwa ya mistari mitatu tu, na aliyeiandika hakumtukana mtu. Afadhali angetukana.

"Habari za asubuhi, mlezi," aliandika. "Jana jioni kompyuta yetu ilipokea toleo la tisa la kifurushi chako. Ilipomaliza kujisasisha, daftari la maktaba yetu halikuwepo tena. Je, kuna mahali pengine pa kulitafuta?"

Mama Vifurushi aliisoma akiwa amesimama, kitambaa cha vyombo begani, mkono mmoja bado una povu la sabuni. Akaisoma mara ya pili. Mara ya tatu akavuta kiti akaketi.

Jina hilo la Mama Vifurushi alipewa na mama mkwe wake. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kuchapa barua na kutoa kopi kwenye kibanda mkabala na mahakama, kuanzia saa tatu asubuhi hadi jua litue. Kazi yake ya moyo ilikuwa nyingine. Uko mfumo wa kompyuta usiouzwa, unaotengenezwa na watu wa kila pembe ya dunia, kila mtu na fungu lake, na programu haziingii humo ovyo ovyo kama mbuzi kwenye shamba la jirani. Kila programu lazima ifungwe kifurushi: faili zake zipangwe, iandikiwe maelekezo ya kuingia, ya kuhama na ya kutoka, na iwe na mlezi wa kujibu ikileta vurugu. Cha kwake kilikuwa kifurushi kimoja kidogo, programu ya kuwekea daftari, wanayoipenda watu wa maktaba, wa vyama vya akiba na wa zahanati. Mlezi wake wa kwanza aliacha kazi, likatoka tangazo kwamba kifurushi hicho ni yatima na kisipopata wa kukilea kitatupwa. Akainua mkono yeye. Siku hiyo mama mkwe, aliposikia mkwewe amechukua yatima, alitandika kitanda cha ziada na kuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Tangu siku hiyo jina likamganda.

Sasa alifungua maelekezo aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe wiki iliyopita, akashusha macho mstari kwa mstari. Katika toleo la tisa alikuwa amehamisha mahali pa kutunzia daftari, kutoka folda ya zamani kwenda folda mpya. Mstari wa kumi na nne ulisema: futa folda ya zamani. Mstari wa kumi na saba ulisema: hamisha vilivyomo. Kama mtu anayehama akaibomoa nyumba kabla hajatoa vyombo. Na asiulize mtu kwa nini hakuliona hilo, maana alilijaribu toleo lake mara sita, ila kila mara kwenye kompyuta safi iliyotoka kufutwa, kama wafanyavyo wenzake wote. Kompyuta safi haina folda ya zamani. Haina chochote cha kupoteza.

"Mungu wangu," alisema. "Zahanati."

Kompyuta ya zahanati ya mtaa aliifunga yeye mwenyewe, miaka minne iliyopita, wakati wa folda ya zamani. Ndani yake mlikuwa na wagonjwa elfu sita na ushee: wa sukari, wa shinikizo la damu, wa kifua kikuu, nani anameza dawa gani, nani arudi lini. Makabati ya karatasi yalikwisha kutolewa kupisha vitanda. Na aliyekaa mbele ya kompyuta hiyo alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, karani wa zahanati, ambaye ndiye aliyesimama mbele ya daktari mkuu akasema: mashine hii ameifunga mke wa mdogo wangu, namdhamini. Daktari alikuwa amejibu mbele ya wafanyakazi wote kwamba sawa, ila siku daftari likipotea, karani asisubiri barua, achukue mkoba wake aende. Mkoba huo ndio uliokuwa ukisomesha watoto wawili wasio na baba.

Tena mashine ile alikuwa ameipanga ijisasishe yenyewe kila asubuhi ikiwashwa. Wazo lake, na alikuwa amelionea fahari.

Saa ya ukutani ilisema saa moja na dakika ishirini.

*

"Nini tena?" aliuliza mama mkwe kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi. "Mbona umepauka hivyo?"

"Nimeharibu, mama. Nimefuta vitu vya watu."

"Vya watu gani?"

"Sijui. Popote walipo."

Mama mkwe akatafakari. "Na wanakulipa kiasi gani hao, kwa kukuondolea damu usoni namna hii?"

"Hawanilipi."

"Basi waache wapotelewe, mwanangu. Kunywa chai."

Mama Vifurushi hakumsikia. Alikuwa anampigia wifi yake simu, na simu ikamwambia kwa sauti tamu ya kukera kwamba mteja hapatikani. Bila shaka hapatikani. Karani yule alikuwa mtu wa sheria, na sheria ya zahanati ni kuzima simu getini na kuitia kwenye droo. Maana yake alikwisha kufika, na bado robo tatu hivi ya saa mlango wa wagonjwa ufunguliwe.

"Mume wangu!" aliita. "Mume wangu, njoo!"

Mumewe, fundi seremala, akatokea bafuni, shavu moja limenyolewa, la pili limejaa povu.

"Kimbia zahanati. Sasa hivi. Kompyuta ya dada yako isiwashwe. Ukikuta imewashwa, usiongee na mtu, chomoa waya ukutani."

"Nichomoe tu?"

"Chomoa!"

"Na dada akiuliza?"

"Mwambie kifurushi changu kinakula daftari lake."

Fundi alimtazama mkewe usoni, akaona alichokiona, akatoka mbio na povu lake. Huyo ndiye mume. Wengine wangeuliza kwanza kifurushi ni nini.

Naye mwenyewe kwa nini hakukimbia? Ndilo swali alilojiuliza baadaye siku nyingi. Viatu vilikuwa pale mlangoni. Lakini kulikuwa na wengine, watu asiowajua sura, ambao wakati ule ule walikuwa wanawasha mashine zao, na toleo la tisa lilikuwa linawasubiri kwenye hifadhi kuu ambako kila kompyuta huchota. Zahanati ilikuwa na mtu wa kutumwa. Wale hawakuwa na mtu ila yeye. Akabaki kitini, huku roho yake yote iko barabarani na mumewe.

Kanuni ya kazi ile ni ngumu kidogo. Huwezi kunong'ona. Jambo likiharibika, unaliandika hadharani, kwenye orodha inayosomwa na walezi wote, na litakaa hapo hadi wajukuu wako walisome. Aliandika: "Toleo la tisa linafuta madaftari kwenye mashine za zamani. Kosa ni langu. Naomba liondolewe hifadhini sasa hivi, natengeneza lingine." Kidole kikasita juu ya kitufe. Miaka minane amejenga jina kwa watu hawa, toleo baada ya toleo, barua za adabu, kusahihishwa na kusahihisha. Mle ndani hakuna aliyejua kwamba anaishi vyumba viwili na mama mkwe, wala kwamba kompyuta yake ina bawaba moja iliyofungwa kwa gundi. Walimjua kwa kazi yake safi tu.

Akabonyeza.

Kisha akatengeneza. Mstari wa kumi na saba akaupandisha juu ya ule wa kumi na nne, akaongeza na sharti: folda yenye kitu chochote ndani isifutwe kabisa. Mistari minne kwa jumla, ikawa toleo la kumi. Kwa haraka alikosea nenosiri la ufunguo wake mara mbili, ule ufunguo wa siri ambao mlezi hutilia sahihi kazi yake ili mashine zijue imetoka kwake kweli. Mara ya tatu ukakubali. Akatuma.

Jibu lilikuja chai haijapoa. Lilitoka kwa msimamizi wa zamu wa hifadhi, mama mmoja ambaye hawajawahi kuonana: "La tisa nimeliondoa. Jipya limepita. Ahsante kwa kusema mapema, wengi hungoja wabanwe. Mimi mwaka juzi nilifuta barua za ofisi nzima, na bosi wangu alikuwa mume wangu. Pole, nenda kapumzike."

Kupumzika! Alikuwa ameshavaa kiatu kimoja.

"Nami nakuja," alisema mama mkwe, ambaye sasa alikuwa ameelewa kitu kimoja tu, kwamba jambo linamhusu binti yake.

"Mama, miguu yako."

"Miguu yangu inajua njia ya zahanati kukushinda. Tangulia, nitakukuta."

*

Njia yote alijiandaa maneno. Wifi, nisamehe. Wifi, sikukusudia. Kila neno likaonekana jepesi. Aliwaza watoto wawili wale na sare zao. Aliwaza mikutano ya ukoo, viti vitakavyosogezwa, mazungumzo yatakayokatika akiingia. Kosa moja haliachi mke, husema watu, lakini hakuna msemo unaosema kosa moja haliachi wifi. Na wifi huyu hawakuwahi kupikika chungu kimoja. Hawakugombana kamwe, waliheshimiana tu, heshima ile ya kuulizana hali mlangoni. Kila alipotoa toleo jipya alikuwa akimwuliza: "Sasisho limeingia vizuri, wifi?" Naye kila mara akajibu: "Vizuri sana, wifi, ahsante." Maneno yao ya mwaka mzima yalikuwa hayo.

Alipopinda kona ya zahanati, kitu cha kwanza alichokiona ni mumewe. Alikuwa ameketishwa kwenye benchi la wagonjwa, mlinzi amemsimamia na rungu, povu limemkaukia shavuni. Foleni ya watu thelathini hivi ilikuwa inamtazama yeye badala ya kutazama mlango.

"Ndiye huyu mwingine?" mlinzi aliuliza.

"Mke wangu," alisema fundi kwa unyonge.

"Huyu bwana," mlinzi akaeleza, "kaingia mbio bila salamu, kapita dirisha la karani, kajitupa chini ya meza ya serikali, kang'oa waya. Namwuliza unafanya nini, ananiambia nazuia kifurushi kisile daftari. Nikajua huyu si mwizi, huyu ni wa wodi ya vichaa."

Watu wakacheka. Bibi mmoja mwenye bakora akasema jamani mwacheni, ana kifafa huyo, tazameni anavyotoa povu.

"Uliikuta imewashwa?" Mama Vifurushi alimwuliza mumewe.

"Imewashwa. Dada alikuwa ameshaanza kuandika."

Hapo ndipo matumaini yalipomtoka. Ikiwa alikuwa anaandika, basi mashine ilikwisha kuamka, na ikiamka hujisasisha, na kujisasisha huchukua dakika mbili. Mumewe alichomoa waya wa nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Daktari mkuu alikuwa ametoka mlangoni, koti jeupe, miwani imepandishwa kipajini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na watu waliochoka hawapendi mashine. "Kuna nini hapa?" aliuliza. "Mbona hatuanzi?"

Mama Vifurushi hakungoja aulizwe mara ya pili. Alijijua, akianza kupima maneno hatasema kabisa.

"Daktari, kosa ni langu. Jana nilitoa toleo lenye kasoro, na nafikiri limefuta daftari. Karani hana hatia. Hakugusa kitu. Kama kuna wa kufukuzwa..."

"Mimi si mfanyakazi wako, huwezi kunifukuzisha wala kuniombea," sauti ilimkata. Karani alikuwa amesimama nyuma ya daktari, mrefu, kitenge kimekazwa, uso mkavu. Lakini macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa na kitu kingine ambacho Mama Vifurushi hakukitambua, na hilo likamtisha zaidi. "Daktari, nipe dakika tano. Wifi, ingia ndani kwanza."

"Limefutwa au halijafutwa?" daktari aliuliza.

"Dakika tano, daktari."

"Elfu sita wale?"

"Dakika tano."

*

Chumba cha karani kilikuwa kidogo, meza, kompyuta, dirisha la kupokelea kadi, na picha ya mtoto ikionyesha jinsi ya kunawa mikono. Karani akafunga mlango, akafunga na kidirisha. Akainama akarudisha waya ukutani. Kisha akasimama kando, mikono kifuani.

"Washa," alisema.

"Wifi, nisamehe. Najua kusema hakurudishi..."

"Washa kwanza."

Aliwasha. Mashine ikakohoa, ikaamka, skrini ikajaa maandishi yake ya kawaida. Mama Vifurushi akafungua dirisha jeusi la amri na kuuliza kifurushi kiko toleo la ngapi. Jibu likatoka. Akalitazama. Akauliza tena, kwa herufi moja moja, kama anayeandika mtihani.

Toleo la tano.

"La tano?" alisema. "La tano ni la mwaka jana."

Mama Vifurushi hakungoja jibu.

Akafungua folda ya zamani. Daftari lilikuwamo. Lilikuwa limelala pale pale lilipowekwa miaka minne nyuma, zito, zima, wagonjwa elfu sita mia mbili na arobaini, hata yule wa leo asubuhi ambaye karani alimwacha katikati ya jina. Mama Vifurushi alijaribu kupumua, pumzi ikaja yote kwa mpigo na sauti juu yake, sauti ya mtu aliyeibuka majini. Akaweka kichwa juu ya kibodi akalia. Skrini ikaandika herufi moja mara mia.

"Usiniharibie tena," alisema karani, akamwinua bega, akafuta zile herufi.

"Kwa nini haikujisasisha? Niliipanga ijisasishe. Niliipanga mimi!"

"Nilikifunga."

"Ulifunga nini?"

"Kifurushi chako. Kwenye mwongozo, ukurasa wa mwisho kabisa, umeandika: mtu akitaka kisibadilike, aandike amri hii. Nikaiandika. Miezi minane sasa."

Mama Vifurushi alimtazama kama anamwona leo. "Mwongozo ule uliusoma?"

"Wote. Una makosa kumi na moja ya kuchapa."

"Lakini kila mara nilikuuliza. Ulisema limeingia vizuri. Vizuri sana, wifi!"

"Ningesemaje?" Sasa sauti ya karani ilipanda, akaishusha haraka kwa sababu ya watu wa nje. "Toleo la tano lilipoingia ulikihamisha kitufe cha kuhifadhi. Mahali pake ukaweka cha kufunga bila kuhifadhi. Mkono wangu umezoea, wifi, mimi sitazami vitufe, natazama wagonjwa. Nikapoteza asubuhi nzima, watu arobaini na watatu. Nilikaa hapa hadi jioni nakusanya kadi moja moja, nikawafuata wengine majumbani kwao kwa miguu. Sikumwambia daktari. Sikumwambia mama. Na wewe nilikuwa nikwambie nini? Kwamba kazi yako unayosifiwa na Wazungu na Wachina huko ni mbovu? Ungesema wifi ana wivu."

"Ningesema," alikiri Mama Vifurushi. Alikuwa akijijua.

"Basi. Nikanyamaza, nikafunga. Kila toleo unaniuliza, nami nakudanganya, na kila mara naogopa utakuja kuangalia. Leo mdogo wangu alipoingia anapiga kelele nikafikiri nimegunduliwa. Hata sikumwelewa anasema nini, niliona aibu tu. Nilipomwelewa tayari mlinzi alikuwa amemkaba."

Wakatazamana. Wanawake wawili watu wazima, mmoja alikaribia kuiangamiza zahanati kwa bidii, mwenzake ameiokoa kwa uongo. Sijui nani alianza. Nafikiri ni karani, kwanza mabega, kisha kicheko kikamtoka kupitia puani, na Mama Vifurushi akadakia, wakacheka hadi wakashikana wasianguke juu ya mashine. Nje watu walisikia wakasema kumbe limepatikana.

"Miezi minane unanidanganya," alisema Mama Vifurushi, akifuta macho kwa upindo wa kitenge cha mwenzake.

"Na wewe dakika mbili ungenimaliza."

"Ahsante, wifi."

"Usinishukuru. Sikufanya kwa wema."

"Najua. Ndiyo maana nashukuru."

*

Daktari alipewa habari yote, na karani hakuficha kitu. Mficha maradhi kifo humwumbua, na pale walikuwa zahanatini. Alieleza watu arobaini na watatu, alieleza kufunga, alieleza leo. Daktari akasikiliza miwani ikiwa mkononi.

"Kwa hiyo," alisema mwishoni, akimtazama karani, "wifi yako huyu, uliyemdhamini mbele yangu, hukumwamini?"

"Mtu namwamini, daktari. Masasisho yake, hapana."

Mama Vifurushi alihisi masikio yanamwaka. Kusemwa hivyo, mbele ya mume, mlinzi na foleni nzima, na mama mkwe ambaye sasa ndiyo kwanza anawasili akitweta! Lakini aibu ile ilikaa juu juu tu, haikumfika ndani, kwa sababu ndani kulikuwa kumejaa kitu kingine, wepesi ule wa mtu aliyeambiwa mtoto wake ameonekana. Aibu ije tu. Ina nafasi yake, ikae.

"Endelea hivyo hivyo," daktari alimwambia karani. "Nyinyi wengine, fungueni dirisha. Na huyo bwana mumwachie, au mumalizie kumnyoa."

Mama mkwe aliwashika wote wawili mikono, binti na mkwe, akawatazama kwa zamu. "Mmegombana?"

"Hapana, mama," walijibu pamoja.

"Ajabu," alisema mama mkwe, na akaketi kwenye benchi kupimwa presha, maadamu amekwisha fika.

Mchana ule, kibandani, katikati ya kopi za hati za mahakama, Mama Vifurushi alipata barua ya yule mtu wa maktaba. Walikuwa na nakala ya siku tatu nyuma. Wamepoteza kumbukumbu za vitabu vilivyoazimwa tangu hapo, ila wasomaji wao ni waaminifu, wanawaamini watavirudisha. "Toleo jipya limeingia salama," aliandika. "Safari hii tulilisubiri kwa mikono miwili kifuani." Wengine wawili pia waliandika. Mmoja alirudishiwa data yake na fundi wa kompyuta. Wa pili alikuwa amepoteza orodha ya mbegu za bustani yake, akasema hata hivyo alikuwa anataka kuianza upya. Mama Vifurushi alimwandikia kila mmoja kwa kirefu, akaomba radhi bila kujitetea, na bosi wa kibanda akamwuliza kama leo anatoa kopi au anaandika wasia.

*

Jumamosi iliyofuata alifanya jambo ambalo katika miaka minane hakuwahi kulifanya. Alichukua kompyuta kuukuu isiyo na faida, akaitia mfumo ule ule wa zahanati, na folda ya zamani, na daftari la majina ya kubuni elfu sita, lenye uchafu wote daftari la kweli huwa nao: majina yaliyoandikwa mara mbili, tarehe zilizogeuzwa, nafasi tupu. Akaiweka kwenye meza ya chakula. Akamwita wifi yake.

"Toleo la kumi na moja," alisema. "Bado sijalitoa kwa watumiaji. Litumie kama ulivyozoea, ukiwatazama wagonjwa."

"Nitakulaumu."

"Nilaumu."

Karani akaketi. Mama mkwe akajifanya mgonjwa ng'ambo ya meza, akataja magonjwa ambayo hayajawahi kuwako, na karani akayaandika yote bila kushusha macho kwenye vitufe. Kwa nusu saa alikuwa amepata kasoro saba. Ya sita ilikuwa kubwa: ukibonyeza haraka mara mbili, mgonjwa mmoja huandikwa dawa za mwenzake. Walezi wenzake watatu walikuwa wameipitia kazi ile na kuisifu.

"Bado," alisema karani, akasukuma kiti nyuma.

"Zikirekebishwa hizo saba?"

"Niite tena. Nitakwambia."

Aliitwa tena wiki ya pili, akasema bado. Wiki ya tatu, bado. Huko kwenye orodha walezi wakaanza kuuliza, kwa adabu kwanza. Toleo kuu la mfumo mzima lilikuwa linakaribia kufungwa, watu wa nchi zisizohesabika walikuwa wanangoja, na kifurushi kimoja kidogo cha daftari kilikuwa kimekwama. Tatizo ni nini? Mama Vifurushi akawajibu: "Kazi imekwisha upande wangu. Wifi yangu bado hajaridhika."

Kisha msimamizi wa hifadhi, yule mama wa barua za ofisi, akauliza hadharani: "Samahani, huyo wifi ana wadhifa gani katika mradi wetu?"

Mama Vifurushi alisoma swali lile kwa sauti. Ng'ambo ya meza karani alikuwa ameinama juu ya kompyuta kuukuu, anabonyeza mara mbili mbili kwa makusudi, midomo imekazwa, anatafuta ubaya.

"Niwaambie nini?" aliuliza.

"Waambie ukweli," alisema karani bila kuinua uso. "Halafu njoo uone hiki ulichokifanya hapa."

Akawaandikia: "Ndiye asiyeniamini." Akatuma, akainuka, akazunguka meza kwenda kuona alichokifanya, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.